Jabal Akhdar na familia kwa mara ya kwanza: hesabu kwanza, mlima baadaye

Somo la leo ni kwa wale ambao familia imeshafika. Umehangaika na viza miezi kadhaa, sasa mama watoto yuko nyumbani Ruwi au Al Khuwair (au baba watoto, maana manesi na walimu wetu wengi huku ndio kina mama wenye viza ya kazi). Watoto wameshaizoea Kornishi ya Matrah na ufukwe wa Qurum. Likizo ya skuli inakaribia na swali ni moja: tunakwenda wapi?

Wengi hujibu Jabal Akhdar, Mlima wa Kijani. Jibu zuri kabisa. Ila safari ya pwani unaondoka na mkeka, chupa ya chai na sambusa, basi. Ya mlimani haiendi hivyo, na familia nyingi hugundua wakiwa wameshafika njiani, halafu kinachofidia ni hela ya kumtumia bibi au ada ya mtoto aliyebaki Tanga.

Kinachoamua bei ya safari hii ni gari. Barabara ya kupanda inaanzia Birkat al-Mawz, karibu na Nizwa, na hapo chini kuna kizuizi cha polisi. Gari ndogo ya kawaida hairuhusiwi kupita, hata ukiomba, hata barabara ikiwa na lami safi kama ilivyo. Lazima iwe 4x4. Sababu si ubishi: kutoka pale mpaka Sayq ni kama kilomita 35, unapanda hadi mita 2,000 hivi, na hatari kubwa iko wakati wa kushuka, breki zinapopata moto. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "njoo tu na Yaris yako, tutaona hapo hapo", ujue mtaona kizuizi na kugeuza.

Tufanye hesabu. Hizi namba ni za mfano, wewe piga simu uweke zako. Tuseme 4x4 ni rial 30 kwa siku, siku mbili ni 60. Kutoka Muscat mpaka Nizwa ni kama kilomita 160; ukijumlisha kupanda, kuzunguka na kurudi, weka 450. Gari inayokula lita 12 kwa kila kilomita 100 itataka lita 54, na petroli hapa haifiki robo rial kwa lita, kwa hiyo weka 13. Fleti ya kulala usiku mmoja Nizwa, 25. Chakula 20 kama mnabeba wali na samaki wa kukaanga kutoka nyumbani, zaidi kama hambebi. Viingilio na vitu vidogo 12. Jumla rial 130.

Angalia vizuri: gari na mafuta peke yake ni 73, zaidi ya nusu. Hapo ndipo pa kubana, siyo kwenye juisi ya mtoto. Mkipata familia nyingine mnayoelewana nayo, mkachukua gari ya watu saba, kila nyumba inalipa 36 na nusu. Njia nyingine ni kwenda Nizwa na gari yako ndogo au basi la Mwasalat, halafu ukakodi dereva wa 4x4 wa Birkat al-Mawz akupandishe siku hiyo moja. Patana naye bei ya kwenda na kurudi, pamoja na saa atakazowasubiri, kabla watoto hawajaingia garini. Wakishaingia, huna tena nguvu ya kupatana.

Ukikodi mwenyewe, soma mkataba kabla ya kusaini. Uliza kilomita za bure ni ngapi kwa siku, dhamana ni kiasi gani na inarudi baada ya muda gani, na bima inasemaje kuhusu njia za mawe na maji ya wadi. Dhamana ikikaa wiki mbili bila kurudi wakati tarehe ya kutuma nyumbani imefika, utakopa. Kwa hiyo iweke kwenye hesabu kama hela iliyotoka, ingawa itarudi. Piga picha gari yote, ndani na nje, kabla ya kuiondoa pale.

Sasa hiyo 130 inatoka wapi? Siyo kwenye mshahara wa mwezi wa safari. Igawe kwa miezi mitano, ni 26 kwa mwezi, na iwe mfuko wake, mbali na mfuko wa kutuma na mbali na wa dharura. Kama 26 haitoki, safari isogee mbele. Tarehe ya kutuma isiguswe. Na zamu yako ya upatu kama uliipangia mabati, iache ikanunue mabati.

Jambo jingine ni kugeuza hela kichwani. Rial imefungwa na dola tangu 1986 kwa kiwango kile kile, rial moja ni kama dola 2.60. Kwa hiyo 130 ni kama dola 338, na kwa shilingi za kwetu, Tanzania au Kenya, ni fedha ya kustua. Igeuze mara moja, siku ya kupanga, mkiwa wawili mezani, mkaulizane kama inastahili. Mkikubaliana, acheni. Mtu anayegeuza kila kikombe cha karaki kuwa shilingi hawi likizoni, na watoto wanamwona.

Msimu nao una bei yake. Muscat ikipita nyuzi 40, kule juu kunakuwa na ubaridi wa maana, na ndiyo maana kila mtu anataka kwenda wakati huo na siku za Idi. Mwisho wa Machi mpaka Mei ni mawaridi. Wenzetu wa Zanzibar mtafurahi hapa: yale marashi ya kwenye mrashi, ya harusini na maulidini, huku wanayapika vijijini, mawaridi kwenye vyungu juu ya moto. Komamanga huanzia Agosti hadi Oktoba. Desemba na Januari usiku unaweza kukaribia sifuri, kwa hiyo sweta siyo mapambo. Mimi ningechagua wikendi ya kawaida ya Septemba au Oktoba, Idi ikiwa mbali.

Ondokeni Ijumaa baada ya Alfajiri. Mkiwahi Nizwa mapema mtakuta mnada wa mbuzi, wanazungushwa huku watu wanataja bei. Mtoto aliyezaliwa kijijini atajihisi nyumbani, na haulipi kitu kutazama. Ngome ya karne ya 17 ina kiingilio, jumlisheni vichwa vyenu kwanza. Halua mnaijua. Mchana nendeni Birkat al-Mawz mkaone mfereji wa Falaj al-Khatmeen, mmoja wa mifereji mitano iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mawz ni ndizi, na migomba mtaiona.

Jumamosi asubuhi ndiyo mpande. Njia ya miguu kati ya vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah inapita juu ya ngazi za mashamba, mabonde yako chini yenu, bure. Wadi Bani Habib kuna ngazi za kushukia kwenye nyumba kuukuu zilizohamwa, bure pia. Shikeni watoto mikono, ukingo hauna uzio. Hoteli za nyota tano ziko kule kule ukingoni, na bei ya usiku mmoja inaweza kumeza safari nzima. Ndiyo sababu nimewalaza Nizwa.

Kuna kitu ambacho bajeti haikisaidii: maji. Mvua ikinyesha juu, wadi inaweza kufurika huku nyinyi mko kwenye jua. Aprili 2024 mafuriko ya Samad al-Shan yaliua watu, wanafunzi wakiwemo. Fuateni tahadhari za hali ya hewa, na zikitangazwa, ahirisheni hata kama fleti imeshalipiwa. Hiyo 25 iache iende. Usivuke wadi inayotiririka, hata kama gari ya mbele imevuka. Na kwa sheria za barabarani ni kosa.

Halafu picha. Ukiweka mlima kwenye status kabla hujatuma hela ya mwezi, simu zitaanza usiku huo huo: "Kumbe mko vizuri!" Tuma kwanza, weka picha baadaye, na kwa mama mpigie ya video ukiwa kule juu, aone wajukuu na mashamba. Mnunulie na chupa ya marashi; atakayesafiri kwenda Unguja au Mombasa atampelekea. Iandike kwenye zile 12 za vitu vidogo.