Kuchunga Kobe wa Maji Nyumbani: Maji, Jua na Miaka



Mwezi huu sisi makapita tumechagua somo juu ya mnyama mmoja mdogo. Tangu mwanzo wa trimestri wadogo wetu wa darasa za chini wametuuliza mara mingi: «Kobe wa maji anakula nini? Mbona yetu haitaki kula?» Wengine wamempata kwa watu wenye kutoka upande wa Uvira na bonde la Ruzizi, wanamleta ndani ya ndoo. Mnyama huyu hapigi kelele, haombi nafasi kubwa, na watoto wanamfurahia sana. Lakini hapo ndipo shida inaanza. Mbwa mwenye njaa analia. Kuku mgonjwa anajikunja, kila mtu anamwona. Kobe halii. Anakufa polepole, wiki kwa wiki, na watu wa nyumba wanasema: «Iko analala tu.»

Kwa hiyo tunapashwa kujua mambo matatu mbele ya kumpokea nyumbani: maji, jua, na miaka. Mtu mwenye hana hayo matatu, heri amwache kobe kwao.

1. NI MNYAMA WA NAMNA GANI?

Kobe wa maji si samaki. Anaogelea vizuri, lakini anapumua kwa mapafu sawa sisi. Anapashwa kupanda juu kutafuta hewa. Kumfunikia ndani ya maji, ao kumweka ndani ya chombo chenye hana nafasi ya kutoa kichwa, ni kumwua.

Tena si kobe wa nchi kavu. Yule wa nchi kavu anavuta kichwa moja kwa moja ndani ya gamba. Kobe wa maji wa kwetu Afrika anakunja shingo kando, kichwa kinalala chini ya ukingo wa gamba. Wengine wako na kitu cha ajabu: sehemu ya mbele ya gamba la tumbo inafunga na kufungua sawa mlango.

Gamba si nyumba yenye anabeba kwa mgongo. Ni mwili wake. Ni mifupa, inashikamana na mbavu na uti wa mgongo, na ndani yake damu inapita. Kwa hiyo, ndugu zetu, musitoboe gamba juu ya kupitisha kamba. Musipake rangi. Ni sawa kutoboa mfupa wa mtu mwenye yuko macho.

2. BUKAVU SI UVIRA

Hili ndilo jambo wengi hawafikirie. Ziwa letu la Kivu liko kwa metre karibu 1460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu 770. Mto Ruzizi, wenye kutoka hapa kwetu mpaka kule, unashuka karibu metre 700. Mwenye amekwisha kusafiri anajua: anatoka Bukavu na koti, akifika Kamanyola anaivua.

Kobe hatengenezi joto ndani ya mwili wake sawa sisi. Joto lake ni lile la maji na la jua. Aina nyingi za kobe wa maji wa inchi za joto wanapenda maji ya digri 24 mpaka 28. Hapa Bukavu hewa iko karibu digri 20 tu, na usiku inashuka zaidi. Kobe akikaa ndani ya maji ya baridi, chakula hakisagike vizuri ndani ya tumbo. Anaacha kula. Kiisha mapafu yanagonjwa. Mtoto anasema kobe amekasirika; hapana, amesikia baridi.

Huko Ulaya wanatia chombo cha umeme ndani ya maji kwa kuyapasha, na taa ya pekee yenye kufanya kazi ya jua. Kwetu umeme unakatika, na vyombo vile ni vya bei kali. Lakini jua tuko nalo. Asubuhi beseni ipelekwe pahali jua linapiga, na usiku irudishwe ndani ya nyumba, mbali na mlango na upepo. Siku ya kubadilisha maji, tunaweza kuchanganya maji ya moto kidogo, tukipima kwa mkono: yawe ya vuguvugu tu, si ya moto.

3. NYUMBA YAKE

Beseni pana ni bora kuliko ndoo ndefu. Tutie jiwe kubwa lenye halitelezi, sehemu moja itokee juu ya maji, kobe apande na kukauka kabisa. Kobe mwenye hakauki hata siku moja, gamba lake linaoza. Maji yawe ya kutosha ili akipinduka aweze kujigeuza: marefu yapite upana wa gamba lake.

Jua ni dawa yake ya kila siku. Mwangaza wa jua unasaidia mwili wake kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiumu ya chakula haijengi gamba. Hapa tuangalie mambo mawili. La kwanza: jua lenye kupita ndani ya kioo cha dirisha halitoshi, kwa sababu kioo kinazuia sehemu ya mwangaza yenye kufanya kazi hiyo. La pili: beseni ndogo ikiachwa kwa jua kali la saa sita bila kivuli, maji yanakuwa ya moto na kobe anakufa kwa saa chache. Nusu ya beseni iwe na kivuli, yeye mwenyewe atachagua.

4. MAJI: TUFANYE HESABU

Kobe anakula ndani ya maji, anakojoa ndani ya maji, na haja kubwa ni mule mule. Maji ya siku tatu yanaweza kuonekana safi, kumbe yamekwisha kuwa sumu inayochoma macho na ngozi yake.

Tuchukue beseni ya litre 40. Ni bidoni mbili za litre 20. Tukibadilisha mara mbili kwa juma, ni bidoni 4. Kwa mwaka wa majuma 52, ni bidoni 208. Kobe wa maji mwenye kuchungwa vizuri anaweza kupita miaka 20. Tuzidishe: bidoni 4160 kwa mnyama mmoja. Tena akikomaa gamba linaweza kufika santimetre 20, na beseni ya litre 40 haitamtosha.

Sasa tuulizane kwa ukweli: nani anachota? Katika avenii nyingi za Kadutu, Bagira na Panzi robine inakauka siku na siku, na bidoni zinapanda mlima juu ya kichwa ao kwa mgongo. Mara mingi si yule kijana mwenye kununua kobe. Ni dada yake mdogo. Sisi tunasema hivi: mwenye kutaka kobe achote yeye mwenyewe. Kama hawezi kuchota bidoni 4 kila juma juu ya mnyama wake, bila kupunguza maji ya mama ya kupika na ya kufua, jibu limekwisha kupatikana.

Maji ya REGIDESO yalale usiku mmoja ndani ya chombo wazi ili dawa yake itoke. Maji ya zamani ya kobe tuyamwange kwa shina la ndizi. Tusiyamwange kwa mboga zenye kuliwa mbichi.

5. CHAKULA

Kobe wa maji wa kwetu anakula hasa nyama: minyoo, wadudu, konokono, vyura wadogo, samaki wadogo, pamoja na mimea kidogo. Bugali, mkate na mchele si chakula chake, hata kama anavimeza.

Sambaza mbichi ni nzuri, tumpe mzima na mifupa yake, kwa sababu mfupa una kalsiumu. Lakini tusimpe sambaza peke yake kila siku. Tubadilishe: leo minyoo ya shamba, kesho konokono, siku ingine kipande cha maini kidogo sana. Samaki wa chumvi hapana. Mtoto wa kobe ale kila siku. Mkubwa mara mbili ao tatu kwa juma inatosha. Tukiweza kumlishia ndani ya chombo kingine, dakika kumi na tano, kiisha kumrudisha, maji ya beseni yatakaa safi zaidi.

6. AFYA YAKE NA AFYA YETU

Alama za ugonjwa ni hizi: macho yamevimba, gamba limekuwa laini, mapovu yanatoka puani, anapumua kinywa wazi, anaelea upande mmoja, gamba lina madoa yenye kunuka. Tukiona moja ya hizo, tusingojee. Tuangalie kwanza joto, jua na maji, na tutafute mganga wa wanyama.

Upande wetu, tujue salmonela. Ni mikrobi yenye kuleta kuhara na homa, na kobe anaweza kuibeba bila kugonjwa hata kidogo. Huko Marekani serikali ilikataza katika mwaka wa 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya santimetre 10 hivi, kwa sababu watoto wengi walikuwa wanagonjwa. Watoto wanawashika, wanawabusu, hata wanawatia kinywani. Kwa hiyo: tunawe mikono na sabuni kila mara tukimshika kobe ao maji yake. Beseni yake isiwe ile ya jikoni, na isioshewe pahali pa sahani. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Nyumba yenye mtoto mchanga ao mgonjwa wa mwili dhaifu, heri isipokee kobe.

7. TUSIMTUPE ZIWANI

Mwenye amechoka anaweza kusema: «Nitamwachilia tu ku ziwa.» Hapana. Ndugu, tukumbuke historia ya sambaza. Samaki huyu hakuwa wa Kivu. Alitolewa Tanganyika, akatiwa hapa kati ya 1958 na 1960. Leo analisha nyumba nyingi, na tunashukuru. Lakini kisha kuingia kwake, vidudu vya maji vyenye kuitwa dafnia, vyenye kula mimea midogo ya ziwa, vilitoweka. Kiumbe kimoja kinaweza kugeuza ziwa zima. Huko Ulaya vilevile, kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho alitupwa na wenyeji wake ndani ya mito na mabwawa, hata mwaka wa 1997 inchi za Umoja wa Ulaya zikakataza kumwingiza.

Tena kuko sheria. Sheria No 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, juu ya kulinda viumbe, haimpe mtu ruhusa ya kuchukua mnyama wa pori sawa vile anapenda. Mbele ya kununua, tuulize ku ofisi ya ICCN. Na mwenye yuko na kobe leo, hawezi tena kumchunga, asione haya: amwambie mwalimu wa biolojia, wote wawili waende kuuliza ICCN. Kuuza na kununua bila kuuliza kunatuma watu kukamata wengine zaidi ndani ya bonde.

8. MWISHO: MIAKA

Sisi wa darasa la mwisho, baada ya Egzetati tutatawanyika. Mmoja ataenda Goma, mwingine Kisangani, mwingine atabaki kutafuta kazi. Kobe mwenye kununuliwa leo atakuwa angali mtoto. Nani atabeba bidoni zake? Kama mdogo wako ao mama hakukubali kwa kinywa chake mwenyewe, basi umemwachia mzigo bila kumwuliza.

Hatukatazi mtu kupenda wanyama. Yule mwenye maji, jua na miaka, na ruhusa, amchunge vizuri, na ataona mambo mengi yenye hayaandikwe ndani ya kitabu cha biolojia. Lakini kumpenda kobe, siku ingine, ni kusimama kando ya Ruzizi na kumtazama akiota jua kwao, kiisha kurudi nyumbani mikono mitupu.

MAULIZO YA KUJARIBU

1. Kwa nini kobe wa Uvira anaacha kula akifika Bukavu?
2. Jua lenye kupita kioo cha dirisha linakosa nini?
3. Beseni ya litre 60, maji yanabadilishwa mara mbili kwa juma: ni bidoni ngapi kwa mwaka? Nyumbani kwenu nani angezichota?
4. Taja alama tatu za kobe mgonjwa.
5. Kuingia kwa sambaza katika Kivu kunatufundisha nini?

Majibu yaletwe kwa kapita wa kila darasa mbele ya siku ya Ijumaa.

Kapita wa shule, darasa la mwisho, kwa jina la makapita wote.