Mjadala na Mrejesho katika Kozi za Mtandaoni: Mazingira ya Wanachuo wa Kiswahili Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza kwa nini mijadala ya wanachuo katika kozi za mtandaoni hufifia mapema, na ni namna gani ya kuuliza na ya kujibu inayoweza kuihuisha. Mifano imetolewa katika somo la isimu ya Kiswahili, na mazingira yanayozingatiwa ni mkoa wa Singida, ambako mwanachuo wa masafa kwa kawaida ni mtu mzima mwenye kazi, familia na shamba.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanachuo wake wa kwanza mwaka 1994. Katika miaka hiyo ya mwanzo masomo yalisafiri katika vitabu na bahasha. Leo mwalimu wa shule ya msingi aliyeko Itigi au Nduguti anaweza kupokea somo lake kwa simu ya mkononi pasipo kusafiri hadi kituo cha chuo mjini Singida. Hata hivyo, kufika kwa somo si sawa na kufundishwa. Mwanachuo analipa ada kutoka katika mshahara wake, anajibu kazi usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, kisha anarudishiwa alama 11 kati ya 20 bila neno. Mtu huyo hagombi wala haandiki barua ya malalamiko. Muhula unaofuata hajisajili, na hakuna anayejua sababu.

2.0 Mjadala wa Masafa Kabla ya Mtandao

Ni kawaida kuzungumzia mjadala wa masafa kana kwamba ulizaliwa pamoja na kompyuta. Historia ya Tanzania inaonyesha vingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa muda wa majuma 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla ya kampeni kuanza. Kila kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu kwa pamoja, kikajadili yale yaliyohusu kijiji chake, kisha kikaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, au kusafisha mahali pa kuchotea maji.

Mambo mawili ya kampeni hiyo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza, swali lililojadiliwa halikuweza kujibiwa na mtangazaji aliyekuwa Dar es Salaam. Yeye aliweza kueleza malaria huenezwaje, lakini ni wanakikundi peke yao waliojua maji yametuama wapi katika kijiji chao. Pili, mjadala uliishia katika tendo ambalo kila mtu aliliona, na tendo hilo lenyewe likawa mrejesho.

Miaka michache baadaye, kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililoharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, vijana zaidi ya 40,000 waliandaliwa kuwa walimu wakiwa papo hapo kazini, kwa masomo ya posta, redio na mikutano na wakufunzi waliowafikia. Ubora wa mafunzo yale umebishaniwa sana, na hapa si mahali pa kuufufua ubishi huo. Linalohusu makala hii ni kwamba mwanafunzi wa masafa hakuachwa na karatasi peke yake.

3.0 "Naunga Mkono Hoja"

Katika ukumbi wa majadiliano wa kozi ya mtandaoni, mkufunzi huweka swali kama vile: "Jadili umuhimu wa lugha katika jamii." Mwanachuo wa kwanza hunakili aya tatu kutoka katika kitabu. Wa pili huandika: "Naunga mkono hoja." Wa tatu huunga mkono mia kwa mia. Kauli hiyo iliyoazimwa bungeni imekuwa njia ya heshima ya kuonyesha kuwa mtu amehudhuria pasipo kusema chochote.

Si haki kuuita uvivu. Kozi moja huweza kuwa na mwalimu mkuu wa miaka 50 na mwalimu kijana anayefanya kazi chini yake. Kijana anayemwamkia mkubwa wake "Shikamoo, Mwalimu" kila asubuhi hawezi jioni kuandika mbele ya watu wote kwamba hoja ya mkubwa huyo haina ushahidi. Maandishi hubaki, na anayeyasoma haoni tabasamu la aliyeyaandika. Tena kila dakika ya mtandao hukatwa katika kifurushi alichonunua mwenyewe. Kwa hesabu hiyo, kuunga mkono ni uamuzi wa busara.

Kosa basi limo katika swali. Swali lenye jibu moja linalofahamika huwaachia washiriki nafasi mbili tu: kulirudia jibu au kumpinga aliyelitoa. Panahitajika swali ambalo kila mshiriki ana sehemu ya jibu ambayo mwenzake hana. Mkoa wa Singida una hazina kubwa katika jambo hili. Kinyiramba na Kinyaturu ni lugha za Kibantu, ambazo Guthrie aliziweka katika kundi F31 na F32. Wadatoga huzungumza lugha ya Kiniloti. Wahadzabe, wanaoishi pia Mkalama, wana lugha ambayo ujamaa wake na nyingine haujathibitishwa, nayo hugawa nomino kwa jinsi ya kike na ya kiume.

Tuseme mkufunzi anafundisha ngeli. Badala ya kuuliza idadi yake, anaweza kuuliza hivi: "Kiswahili sanifu husema kitoto. Mitaani kwenu watu husema katoto. Udogo huonyeshwaje katika lugha ya nyumbani kwenu, na jambo hilo linaeleza nini kuhusu katoto?" Hapa Mnyiramba wa Kiomboi na Mnyaturu wa Ikungi hawana budi kuleta data zao, na mwenzao aliyekulia katika Kidatoga ataonyesha jinsi udogo unavyoelezwa katika lugha isiyo ya Kibantu. Kijana hampingi mwalimu mkuu; anamwongezea kitu. Heshima inabaki palepale, na maarifa yanasonga mbele.

4.0 Mrejesho Unaodai Tendo

Swali zuri huleta majibu, lakini majibu yasiyojibiwa hukoma. Utafiti wa elimu umelionyesha jambo hili kwa namna isiyotarajiwa. Ruth Butler, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, aliona kuwa wanafunzi waliopewa maoni pasipo alama waliendelea vizuri zaidi kuliko waliopewa alama peke yake; na waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi hao wa alama. Jicho lilikwenda kwenye tarakimu. Kluger na DeNisi, mwaka 1996, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kukuta kuwa katika zaidi ya theluthi moja, mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuuinua, hasa pale ulipoigusa nafsi ya mtu badala ya kazi yake. Tafiti hizo hazikufanywa Singida, lakini mkufunzi yeyote aliyewahi kurudisha karatasi za mtihani anaijua hali hiyo.

Chukua mwanachuo aliyejibu swali la hapo juu hivi: "Katoto ni kosa linalotokana na athari za lugha mama." Mkufunzi mwenye haraka ataandika: "Vizuri, lakini fafanua zaidi." Maneno hayo hayamwelekezi mtu popote. Mwanachuo hajui ni lipi lililo zuri, wala afafanue nini. Linganisha na maoni haya:

"Mwalimu, umetaja chanzo, na huenda ni sahihi. Sasa usiliite kosa mpaka uangalie upatanisho. Juma hili sikiliza watu sokoni na nyumbani, uandike tungo tano zenye ka-. Je, husema katoto kale kanalia, au katoto kile kinalia? Ukishapata, turudishie hapa, useme kama bado ni kosa au ni kanuni."

Maoni hayo hayakumsifu mtu wala kumshusha. Yameitaja hoja yake na kuonyesha mahali ilipokatikia, kisha yakampa kazi ya kufanya kabla ya Jumamosi. Akirudi na katoto kale kanalia, katoto kadogo kamelala, atakuwa ameshika ushahidi kwamba ka- ina upatanisho wake kamili katika mazungumzo ya watu hao, na kwamba neno "kosa" lilikuwa hukumu iliyotangulia uchunguzi. Somo hilo halifundishiki kwa hotuba. Inafaa kuongeza kwamba neno "Mwalimu" mwanzoni mwa maoni si pambo: linamkumbusha msomaji kuwa anaulizwa kama mtu wa taaluma yake.

Alama zitolewe, kwa kuwa chuo kinazihitaji, lakini zichelewe. Mwanachuo apate maoni kwanza, arekebishe, ndipo alama zifuate. Utaratibu huu ni mgumu kwa mkufunzi mwenye wanachuo 200, na pingamizi hilo ni la kweli. Njia moja ni kuwagawa wanachuo katika vikundi vya watu sita au saba, kikundi kikaleta jibu moja lenye data za wote, na mkufunzi akajibu vikundi badala ya watu 200. Mwenyekiti wa kikundi aandaliwe mapema jinsi ya kuuliza na kuwahimiza walio kimya, kama walivyoandaliwa viongozi wa mwaka 1973, na zamu ya uenyekiti izunguke ili asiwe daima yule mwenye umri mkubwa au mtandao mzuri.

Maoni yenyewe si lazima yawe maandishi. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili hurejesha ule upole wa sauti unaopotea katika maandishi. Faili fupi ya sauti au aya chache za maandishi hugharimu sehemu ndogo sana ya kifurushi ikilinganishwa na mkutano wa video, ambao aliye mbali na mnara wa simu huusikia nusunusu. Lingine ni muda. Jibu likifika baada ya juma moja, mwanachuo bado anaikumbuka hoja yake. Likifika baada ya miezi miwili, amekwisha kuhamia kozi nyingine. Ratiba nayo itazame kalenda ya mahali. Katika Singida mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na mwalimu mwenye shamba la alizeti au mtama hujigawa kati ya jembe na kitabu. Kazi ya kikundi inayofunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumatano katika majira hayo itawakosa wengi, wakati ileile ikiachwa wazi kwa siku kumi, pakiwamo mwisho wa juma, itawapata.