SOMO: KUFUFUA PIKIPIKI KUUKUU

Vijana wa Garissa, pikipiki iliyolala miaka mingi yaweza kuwapa kazi. Fuateni hatua hizi:

1. Hakikisheni logibuku kabla ya kununua hata plagi. Bila karatasi, si yenu.
2. Msipige kiki haraka. Toeni plagi, tieni oili kidogo ndani ya silinda, ilale usiku kucha. Pistoni kavu hukwaruza.
3. Safisheni kabureta na chujio la hewa; vumbi letu hula injini.
4. Breki kwanza, rangi baadaye.
5. Mkitaka keria ya mitungi ya maji, ng'oeni tangi, lipelekeni mbali, ndipo fundi achomelee. Tangi tupu lina mvuke wa petroli, hulipuka.

Swali la kikundi: Je, ungempakia mama yako?