Pazia la Ozoni na Ukali wa Jua Letu

Wako watu wasemao ya kuwa jua letu ni kali kwa sababu anga limetoboka. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini limechanganyika na yasiyo kweli. Mwalimu wa kanisa akiulizwa na watoto, yampasa aweze kujibu.

Nuru ya jua ina rangi nyingi, kama tuzionavyo katika upinde wa mvua, tangu nyekundu hata urujuani. Lakini nuru haiishii pale macho yetu yanapoishia. Mwaka 1801 mtaalamu wa Kijerumani, Johann Wilhelm Ritter, aliitawanya nuru kwa kioo cha pembe tatu, akaweka mahali pa kila rangi chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ipatapo nuru. Akaona ya kuwa iligeuka upesi kuliko pote mahali palipo nje ya urujuani, ambapo jicho halioni kitu. Miali ile isiyoonekana ndiyo iitwayo leo mionzi ya urujuanimno.

Nayo ni ya namna tatu, A, B na C. Ya A hufika kwetu karibu yote. Ya B huunguza ngozi, ingawa kidogo chake hutufaa, maana kwa huo mwili hujitengenezea vitamini D. Ya C ni mikali kupita zote, lakini haifiki chini kamwe.

Ni nini kiizuiacho? Ni oksijeni pamoja na ndugu yake, ozoni. Chembe za oksijeni tuvutayo huenda mbili mbili. Za ozoni hushikana tatu. Huko juu, mionzi ya C hupasua jozi ya oksijeni, na chembe iliyoachwa peke yake hujiunga na jozi nyingine. Hapo ozoni imezaliwa. Kisha ozoni hupigwa na mionzi ya B, nayo huvunjika, na nguvu ya mionzi ile huishia kuwa joto. Halafu chembe huungana tena. Basi pazia hili halikutundikwa mara moja tu. Hupasuka na kushonwa mchana kutwa. Tena, kama ozoni yote iliyo juu ya vichwa vyetu ingekusanywa na kushushwa hata usawa wa bahari, unene wake ungekuwa kama milimita 3 tu. Blanketi la mtoto ni nene zaidi!

Sasa habari ya tundu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya ya kuwa gesi zilizotiwa katika mitambo ya baridi na makopo ya kupulizia hupanda juu na kuvunja ozoni. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake wawili wakatangaza ya kuwa juu ya ncha ya kusini ya dunia ozoni hupungua sana kila mwezi wa Septemba na Oktoba. Mataifa yakapatana huko Montreal mwaka 1987 kuziacha gesi zile, na pazia limeanza kupona; huko kusini latazamiwa kurudi hali ya mwaka 1980 karibu na mwaka 2066.

Lakini tundu lile haliko juu yetu. Jua letu lilikuwa kali kabla ya gesi zile kutengenezwa. Ajabu ni hii: ozoni nyingi huzaliwa juu ya nchi za ikweta, kisha pepo za juu huichukua polepole kwenda kaskazini na kusini. Kwa hiyo pazia letu kwa asili ni jembamba kuliko la Ulaya. Tena jua la utosini hulipita moja kwa moja, lakini la Ulaya hulipita kwa mshazari, kama mtu avukaye mto kwa njia ndefu. Na kila tupandapo mita 1000, urujuanimno huongezeka kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Mtu wa Machame au Marangu husikia baridi, akadhani jua ni pole. Lakini joto na urujuanimno ni vitu viwili, na mawingu mepesi hayazuii sana.

Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga. Vidonda vyao wengine huviita laana au uchawi. Si laana, ni mionzi ya B, na mara nyingi kidonda kisichopona ni saratani, ambayo ikiwahiwa hukatwa na mtu akapona. Anayeona kidonda cha namna hiyo asingoje. Ampeleke mwenzake hospitali. Huko Moshi hutengenezwa mafuta ya kujikinga yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Pamoja na mafuta, wavae kofia pana na mikono mirefu, tangu utoto.

Mahali ibada au mafundisho yafanyikapo nje, mtoto wa namna hii apewe nafasi ya kivuli kizito. Asiye na saa aangalie kivuli chake mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, mionzi ni mikali. Hata chini ya mti asivue kofia, maana urujuanimno hutawanyika katika anga la buluu na kuingia kivulini kwa pande zote.