*DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 9: Sigara ya Kwanza Baada ya Futari*



Kila siku baada ya Magharibi naona jambo lile lile. Imamu akishatoa salamu tu, kuna ndugu zetu hawangoji hata uradi. Walishaonja tende na maji, sasa wanatoka haraka nyuma ya ukuta wa msikiti. Kiberiti, kisha moshi. Siwasemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao kwa miaka 11, na ile sigara nilikuwa naisubiri kuliko uji.

Leo tujifunze kinachotokea mwilini hapo.

Moshi wa sigara una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na moyo unachoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba masaa 12 tangu uache kuvuta, kiwango cha gesi hiyo kwenye damu hurudi kuwa cha kawaida. Sasa piga hesabu: huku kwetu, toka alfajiri mpaka magharibi ni masaa 13 na zaidi. Basi adhana inapoadhiniwa, damu yako imeshasafika na gesi ile. Halafu unaenda nyuma ya ukuta kuichafua upya!

Kujidhuru peke yake tumeshakatazwa. Rejea Suratul Baqara, aya ya 195. Lakini moshi haukai kwa aliyeuvuta. WHO inasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wao, wamevutishwa na wenzao. Ni mke mnayelala chumba kimoja. Ni mtoto unayempakata.

Mwanangu wa pili ana pumu. Usiku mmoja, katika kumi la mwisho, nilirudi kutoka tarawehe nikamkuta mama yake amemkalisha dirishani, anahema kwa shida. Nikanyoosha mikono nimbebe, akageuza uso. "Baba, unanuka." Jamani, nilikuwa nimetoka kuwaombea watoto wangu afya, na pakiti ya sigara iko mfukoni.

Mtume wetu (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti mpaka harufu imtoke, ili asiwaudhi wenzake. Hicho ni chakula halali. Je, moshi unaomkaba mtoto pumzi?

Utasema, "Sheikh, kuacha siwezi." Ndugu yangu, mbona unaacha kila siku masaa 13, tena kazini, juani, na hakuna anayekuchunga ila Allah? Uzito mkubwa wa kuacha huwa ni siku chache za mwanzo, kisha hupungua wiki baada ya wiki. Na hamu ikikushika, mara nyingi hupita ndani ya dakika chache. Ramadhani imekupa mwezi mzima wa mazoezi.

*Zoezi la leo:*
1. Baada ya kufuturu, usitoke. Kaa kwenye uradi, kunywa maji, hamu ipite.
2. Sogeza ile sigara mpaka baada ya tarawehe. Ukifika hapo, jaribu kulala bila hiyo.
3. Usimtume mtoto dukani kukununulia sigara, hata moja.
4. Hela uliyookoa weka pembeni, itoe sadaka.
5. Ukizidiwa, nenda kituo cha afya uombe msaada. Si aibu.

Na wewe usiyevuta, usimcheke mwenzio. Mshike mkono, mkae naye safu moja mpaka tarawehe iishe.

Ewe Mola wetu, tusafishie miili yetu kama unavyotusafishia nyoyo zetu, na usitujaalie kuwa sababu ya maradhi ya watu wetu. Aamiin.

_Mtumie ndugu yako mmoja unayemjua. Kesho inshaallah tutaendelea._