Udongo wa Juu: Wa Kwanza Kuondolewa, wa Mwisho Kurudishwa

Mkulima wa Umatengo alimapo ngoro hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, kisha huyafunika kwa udongo anaouchota katikati ya kila mraba. Majani huoza chini ya udongo, mashimo hukinga maji ya mvua, na mteremko hubaki na rutuba yake. Katika wilaya hiyo hiyo ya Mbinga, eneo la Ngaka, makaa ya mawe huchimbwa kwa mashimo ya wazi. Ili kuyafikia makaa sharti kila kilicho juu yake kiondolewe, na kinachotangulia kung'olewa ni udongo ule ule.

Tabaka hilo la juu mara nyingi lina unene wa sentimita 15 hadi 30 tu. Humo ndimo ilimo mboji, mbegu zilizolala na viumbe wadogo wanaoilisha mimea. Chini yake kuna udongo mgumu wenye rutuba kidogo, na chini zaidi mawe yanayofunika makaa. Matabaka hayo yakichanganywa katika lundo moja, hakuna mashine itakayoyatenganisha tena. Kwa hiyo hatima ya shamba huamuliwa siku za mwanzo kabisa za kazi, kabla ya makaa kuonekana.

Kazi huanza na uoto. Miti yenye manufaa huvunwa. Matawi, vichaka na majani hayafai kuchomwa moto, bali huhifadhiwa ili baadaye yatandazwe juu ya ardhi iliyosawazishwa, yazuie mmomonyoko na kudondosha mbegu za asili. Udongo wa juu hukwanguliwa peke yake. Ukiwa umelowa, magari mazito huushindilia hadi hewa ikosekane ndani yake. Ukiwa mkavu mno, hupeperushwa na upepo. Katika nyanda ambako masika hudumu miezi mingi, ratiba ya mgodi haina budi kuifuata kalenda ya mkulima.

Njia bora ni kuuhamishia udongo moja kwa moja kwenye sehemu ambayo uchimbaji wake umekwisha. Pasipo nafasi hiyo, huwekwa katika malundo ya chini, yasiyozidi mita 2 au 3, kwa kuwa ndani ya lundo refu viumbe wanaohitaji hewa hufa. Lundo hupandwa nyasi na mikunde, huzungushiwa mtaro wa kuelekeza maji, na huwekewa kibao ili dereva asije akalidhania kifusi. Kosa hilo la mwisho laonekana dogo, lakini hasara yake haifidiki kwa mbolea ya dukani.

Wakati wa kurejesha, mpango hugeuzwa. Mawe yenye salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji huweza kuzaa tindikali, hufukiwa chini kabisa. Miteremko hulainishwa, ardhi iliyoshindiliwa hupasuliwa kwa meno ya katapila, udongo wa chini hutangulia na wa juu humalizia. Upandaji hufuata upesi, kabla mvua kubwa haijaanza.

Kuchipua kwa majani ya msimu mmoja si ushahidi wa kutosha. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1977 humfunga mchimbaji wa makaa kuutunza uoto kwa miaka 5 baada ya upandaji, na miaka 10 katika maeneo yenye mvua haba. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake, hudai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya fedha za kukarabati ardhi.

Mradi mpya unapojadiliwa katika mkutano wa kijiji, mkazi ana haki ya kuuliza udongo wa juu utawekwa wapi na kwa muda gani, na kuomba aonyeshwe mahali hapo kwenye ramani. Akiona malundo yamechanganywa au yameachwa yakisombwa na mvua, taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, naye aifikishe kwa afisa mazingira wa halmashauri mapema, wakati udongo ungali unaweza kuokolewa.