Somo la Ufundi: Mashine ya Pakiti za Maziwa Hujuaje Kwamba Imefika?

Pakiti ya maziwa unayonunua dukani hupimwa, hufungwa na kukatwa na mashine. Karatasi ya plastiki ikivutwa pungufu, pakiti hutoka fupi, sehemu ya kufungia huangukia kwenye maziwa, na pakiti huvuja. Hasara hiyo humrudia mfugaji aliyeamka alfajiri kukamua.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ndiyo sababu tumetenga ukurasa huu kwa kijana anayesomea umeme, na kwa chama cha ushirika kinachotaka kuielewa mashine kabla ya kuinunua.

Mota ya hatua

Mota ya kawaida ikipewa umeme huzunguka mfululizo. Mota ya hatua, au stepa, husogea kidogo kidogo kila inapopata pulsi moja ya umeme. Stepa nyingi husogea nyuzi 1.8 kwa hatua, yaani hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva yake inaweza kuzigawa hatua hizo ziwe ndogo zaidi, kwa mfano pulsi 2,000 kwa mzunguko.

Anayetoa pulsi hizo ni kidhibiti chenye programu, ambacho mafundi hukiita PLC. Kifaa hiki kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya viwanda vya magari, ili mabadiliko ya kazi yafanywe kwenye programu badala ya kufumua nyaya upya.

Kutuma si kufika

PLC ikituma pulsi 1,800, yenyewe huamini kwamba kazi imekwisha. Lakini mzigo ukiwa mzito, au mwendo ukiongezwa ghafla, stepa huruka hatua. Nguvu yake ya kuzungusha hupungua kadiri kasi inavyopanda. Tena, mota inaweza kuzunguka sawasawa huku plastiki ikiteleza kwenye rola. Bila kipimo, hakuna anayejua mpaka maziwa yamwagike.

Kipimo hicho ni enkoda. Ndani yake mna kisahani chenye mistari, na mwanga husoma mistari hiyo inapopita. Husomwa kwa njia mbili zilizopishana kidogo, na hivyo PLC hujua pia mwelekeo wa mzunguko. Enkoda ya mistari 1,000 hutoa hesabu 4,000 kwa mzunguko.

Mahali pa kuifunga ni muhimu. Ikifungwa kwenye shafti ya mota, itaonyesha hatua zilizoruka, lakini haitaona plastiki ikiteleza. Kwa kazi hii ifungwe kwenye gurudumu dogo linalozungushwa na plastiki yenyewe.

Tupige hesabu

Tuseme mzingo wa rola ni milimita 200, na wa gurudumu la enkoda ni milimita 200 pia. Pulsi moja huvuta milimita 0.1, na hesabu moja ya enkoda ni milimita 0.05. Pakiti ya milimita 180 inahitaji pulsi 1,800, na enkoda isome 3,600.

Enkoda ikisoma 3,440, zimepungua hesabu 160, yaani milimita 8. PLC iongeze pulsi 80.

Mpangilio wa programu

1. Rudisha kihesabio kwenye sifuri kabla ya kuvuta.
2. Tuma pulsi kwa kasi inayopanda polepole na kushuka polepole.
3. Subiri mota itulie, kisha soma enkoda.
4. Tofauti ikiwa chini ya hesabu 10, kata pakiti.
5. Ikiwa imepungua kwa hesabu 10 hadi 200, ongeza nusu ya idadi hiyo kama pulsi, kisha soma tena.
6. Ikizidi 200, au ikiwa umesahihisha mara tatu bila kufaulu, simamisha mashine na uwashe taa ya hitilafu.

Hatua ya sita isiachwe. Mashine inayosahihisha bila kikomo huficha rola iliyochakaa mpaka iharibike kabisa.

Angalizo: enkoda iunganishwe kwenye ingizo la kuhesabu kwa kasi. Rola ikizunguka mara moja kwa sekunde, hesabu 4,000 hupita katika sekunde hiyo. PLC inayopitia programu yake kila milisekunde 10 ingepitwa na hesabu 40 kila mara ikitumia ingizo la kawaida.

Usalama kwanza

Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota moja kwa moja kwa nyaya. Kisitegemee programu pekee. Stepa iliyosimama bado ina umeme, na pulsi moja inatosha kuisogeza. Usitie mkono karibu na kisu kabla ya kuzima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli.

Kwa chama kinachonunua mashine, muulize muuzaji maswali matatu: je, ina enkoda? Imefungwa wapi? Ikikosea, husimama au huendelea? Majibu hayo yatakuonyesha kama mashine hiyo itaokoa maziwa yenu au itayamwaga.